Mia Nne Thelathini na Moja

Mbuzi alilia mara moja tu, nyuma ya pazia la chumba cha pili, na Nakijwa alimsikia vizuri. Alikuwa ameketi mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, mfiwa miongoni mwa wafiwa. Baba yake, Mzee Senkondo, alikuwa ameshapitishwa Lango Kuu kwenda kulala nje pamoja na wafu wengine wa Handaki la Mwarembe. Na desturi ya Mwarembe haikuwa na kona: mfiwa hashiki kazi mpaka matanga yaanuliwe. Hapiki, hafui, hafagii. Kama kazi yake ni kugawa watu, hagawi.

Kazi ya Nakijwa ilikuwa hiyo hiyo, kugawa watu, kama ilivyokuwa kazi ya baba yake kabla hajazeeka. Alisikia kisu kikinolewa, akajua kinanolewa kwa ajili ya nani, na akajua vilevile kwamba mbuzi yule, wa mwisho kubaki chini ya milima ya Upare, hakuwa wa kuchinjwa. Angeweza kuinua kanga na kusema neno moja. Lakini mgawaji hapendwi, na Senkondo aliishi uhai wake wote bila kupewa hata kiti cha mbele. Leo ndiyo kwanza watu walikuwa wanamheshimu. Roho yake ikamwambia, nyamaza, leo wewe ni binti yake tu. Akanyamaza.

Supu ikaletwa. Tusidanganyane, ilikuwa tamu. Watu walikuwa wamesahau nyama inavyonukia, wengine walilia juu ya bakuli, wakamsingizia marehemu.

Mabomba yalianza kutetemeka kabla vyombo havijaoshwa. Aliyekuja kumwinua mkekani alikuwa Tumsifu, fundi wa mabomba, mtu wa makamo ambaye grisi ilikuwa imeshaingia kwenye ngozi ya mikono yake na kukataa kutoka. Alipiga goti kando yake.

"Shangazi, pole tena. Najua sipaswi kukusumbua."

"Sema."

"Yule mbuzi alikuwa na mdomo wake. Sasa uko wazi, hakuna anayeuvuta."

"Najua, Tumsifu."

"Watu tumebaki wangapi?"

Nakijwa hakuhitaji kuhesabu. "Mia nne thelathini na moja," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake akate roho, machozi yalimtoka.

*

Mgeni akifika Mwarembe, kama wageni wangekuwa bado wapo duniani, kitu cha kwanza kumshangaza kingekuwa mipira. Kila mtu, mtoto kwa mzee, alitembea akiburuza mpira mrefu mweusi uliotoka ukutani mpaka kwenye kikombe kilichomfunika pua na mdomo. Walikuwa kama mifugo iliyofungwa kamba malishoni. Hewa ya handakini ilikuwa imeoza sawasawa na ile ya nje. Ukivua kikombe unaweza kula, ukaongea kidogo, kisha sharti ukirudishe. Ukizidisha, kichwa kinazunguka, midomo inageuka rangi ya zambarau, na habari yako imekwisha.

Hewa safi ilitoka kwenye mtambo mmoja walioupa jina la Pumuo, nao ulikuwa na tabia zake. Bomba lake kuu liligawanyika mara mbili au mara tatu, kila tawi likagawanyika tena mara mbili au tatu, hivyo hivyo mpaka midomoni, yaani kwenye matundu ya ukutani ilikofungwa ile mipira. Kwa hiyo chumba kiliweza kuwa na midomo minne, sita, tisa, kumi na miwili, ishirini na saba. Idadi yoyote inayozaliwa na mbili na tatu peke yake. Kumi haiwezekani, kwa sababu ndani ya kumi mna tano. Kumi na nne haiwezekani, ndani yake mna saba. Kila mdomo ulio wazi uwe na mapafu yanayouvuta, ya mtu mzima au ya mtoto mchanga, hata ya mbuzi, Pumuo haikujali. Usipovutwa, hewa hurudi nyuma na kuligonga bomba. Ukiuziba, unalipasua kabisa. Wawili wakigawana mdomo mmoja hufa wote wawili, ila polepole. Tena vyumba viwili visiwe na idadi moja, maana vitapumua kwa mdundo mmoja, na mdundo ule huvunja viungo vya bomba. Ndivyo walivyopoteza chumba cha nne na cha tano, pamoja na wote waliokuwamo.

Zamani vyumba vilikuwa vitano, na mgawaji aliweza kufanya kazi yake huku anapiga mluzi, kwa kuwa na vyumba vitano watu wa Mwarembe wangepangika tu, wawe wangapi. Sasa vilibaki vitatu. Senkondo alipokuwa hai, watu na mbuzi wao walikuwa mia nne thelathini na tatu: mia mbili hamsini na sita chumba kimoja, tisini na sita cha pili, themanini na moja cha tatu. Senkondo alipokufa ikabaki mia nne thelathini na mbili, namba tamu kuliko zote. Tumsifu alizungusha koki zake kwa namba alizoachiwa na mzee, watu wakahama na mikeka yao, na msiba ungeendelea kwa amani. Ila wakamla mbuzi.

Na mia nne thelathini na moja haikai katika vyumba vitatu. Senkondo alimfundisha bintiye kuiogopa namba hiyo kama watoto wengine wanavyofundishwa kuogopa moto. Zote zilizo chini yake hukubali, hata zile zenye sura mbaya. Ni hii tu ya kwanza kukataa. Toa mia mbili hamsini na sita, inabaki mia moja sabini na tano, na hiyo haipati wawili wa kuibeba. Toa mia mbili arobaini na tatu, inabaki mia moja themanini na nane, yale yale. Nakijwa alikuwa amezijaribu njia zote tangu usichana, na alizijaribu upya pale msibani, kidole kikichora vumbini chini ya kanga, huku ladha ya supu ingali kinywani.

*

Walikutana kwenye chumba cha koki, watu wanne tu: Mwenyekiti Eliamani, Tumsifu, mkunga Mama Nakunda, na Nakijwa mwenye kanga yake ya msiba mabegani. Ukutani bomba kuu lilikuwa linagonga kama mtu anayeomba kufunguliwa. Vijana walikuwa wanapokezana kuuvuta ule mdomo wa mbuzi zaidi ya midomo yao wenyewe, ili bomba lipate kutulia kidogo. Wawili walikuwa wameshatema damu.

"Kiungo kimepata ufa," alisema Tumsifu. "Kikifika Jumamosi nitashangaa."

Eliamani alikuwa mzee mpole, mwenye kuanza mambo mbali. Siku hiyo alianza karibu, akamgeukia Nakijwa. "Mama Nakiete, tuambie."

"Tuongeze mmoja au tupunguze mmoja," alisema Nakijwa. "Mia nne thelathini na mbili inakaa. Mia nne thelathini nayo inakaa: mia mbili hamsini na sita, mia moja sitini na mbili, kumi na wawili. Katikati hapa tulipo ndipo hapakaliki."

Hakuna aliyeuliza mtu wa kuongeza atatoka wapi. Katika Mwarembe nzima mjamzito alikuwa mmoja, Nakiete, binti yake Nakijwa, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Mama Nakunda alitazama viganja vyake.

"Dawa ya kumharakisha mtoto ninayo," alisema. "Lakini wa miezi saba, humu ndani, na mama mwenyewe amekonda hivyo... Siahidi kitu."

"Wakipona wote wawili," alisema Eliamani, "tunakuwa mia nne thelathini na mbili. Na Mungu apishie mbali, wakiondoka wote wawili..."

"Tunakuwa mia nne thelathini," Nakijwa alimalizia. "Inakaa vilevile. Akibaki mmoja tu, mama au mtoto, ndipo tunarudi hapa hapa."

Namba ilikuwa haijali nani anaishi na nani anakufa, ilichotaka ni kwamba wale wawili wasiachane. Miaka yote Nakijwa alikuwa ameitetea hesabu mbele ya watu, akisema haina ubaya wala wema, na sasa aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani.

"Au kura," alisema Eliamani taratibu. "Watu wazima wote."

"Kura ya nini? Nitatoka mimi."

"Wewe huwezi." Alilisema bila ukali. "Mara ngapi nimewaomba watu waje wajifunze kwako? Nani alikuja? Akifa mwingine mwezi ujao, atatugawa nani?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kuliko yote. Elimu ya kugawa haikuwa siri. Watoto wote wangeweza kuijua. Lakini ajuaye kugawa ndiye atakayemtenga mke na mume wake, ndiye atakayelaaniwa jikoni, na wazazi wa Mwarembe waliwaambia watoto wao waziwazi, hesabu za Nakijwa usizisogelee. Hivyo katika watu wote wale yeye peke yake ndiye aliyekatazwa kufa.

Wakamwachia achague: dawa kwa bintiye, au kura kwa wote. Walitaka jibu kabla ya king'ora cha chakula. Waliona wanamheshimu kwa kumwachia yeye.

*

Habari haivai mpira, inatembea popote. Alipofika kwenye mkeka wa bintiye alikuta wameshajua. Nakiete alikuwa amejiegemeza ukutani, mikono juu ya tumbo. Mumewe, Mbonea, alikuwa anamenya viazi, akikata maganda membamba kabisa ili kisipotee kitu.

"Mama, wamesema ninywe?" aliuliza Nakiete.

"Wameniachia mimi."

"Nisingekuwa mwanao, ungesema nini?"

Nakijwa alikaa chini. Angeweza kumdanganya. "Ningesema unywe," alijibu. "Dawa inaweza kuwaacha wote hai. Kura lazima imuue mtu."

"Na kwa kuwa ni mwanao?"

"Nitasema kura."

"Basi utamuua mtoto wa mwenzio kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Nitamuua."

Nakiete alifumba macho. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka tu, na Nakijwa alitamani angetukanwa. Mbonea alimaliza kiazi cha mwisho. Akavitumbukiza vyote kwenye maji visiwe vyeusi, akanawa mikono, akaifuta moja moja.

"Mama," alimwambia mkwewe, "hiyo mia nne thelathini, una hakika inakaa?"

"Inakaa."

"Na hicho chumba cha watu kumi na wawili, wanawekwa akina nani?"

"Ni kidogo, kina joto. Wagonjwa. Wajawazito."

"Umweke Nakiete humo." Akafikiri kidogo. "Na wewe ukae naye. Akiamka usiku hupenda mtu amsuguie mgongo."

Hapo Nakijwa alimsikia, vizuri kama alivyomsikia mbuzi. Neno moja tu lingetosha, jina lake tu: Mbonea. Lakini tumbo la bintiye lilikuwa pale mbele yake, na kitu ndani ya tumbo kilisogea chini ya nguo. Aliinamisha kichwa, akaanza kuokota maganda ya viazi sakafuni. Alipokuja kuinua uso, mkwewe alikuwa ameshatoka, mpira wake ukimfuata kando ya ukuta.

*

Mpira ulikutwa umetundikwa vizuri kwenye ndoano ya Lango Kuu, kikombe kimefutwa. Tumsifu hakusubiri amri ya mtu. Alikimbilia koki, akazungusha kama Nakijwa alivyomtajia, na yule aliyezoea kuzitaja namba kwa sauti kavu akazitaja sasa kwa sauti iliyokatika katikati. Bomba kuu likagonga mara moja, likagonga tena, likatulia. Kuna waliopiga vigelegele kabla ya kukumbuka. Watu wakajitwika mikeka, wakahama, mia mbili hamsini na sita huku, mia moja sitini na mbili kule, na kumi na wawili katika chumba kidogo chenye joto.

"Mbonea kapangwa wapi?" aliuliza Nakiete alipokwisha kulazwa.

"Cha kwanza," alisema mama yake. "Na wanaume wenzake."

Alikusudia kumficha mpaka ajifungue. Miezi miwili si mingi, alijiambia. Alisahau alikuwa Mwarembe. Watu wale wangeweza kukunyima chumvi, lakini kukunyima pole hawawezi, na msiba usiotolewa pole kwao ulikuwa dhambi. Hata uwaambie kwa nini wasije, watakuja, tena watakuja na kanga kichwani. Jioni ile ile bibi mmoja aliyevuta mpira wake mpaka mwisho alichungulia mlangoni, akaingia, akamshika Nakiete mkono.

"Pole, mjukuu wangu," alisema. "Mumeo ametufia wote. Mungu akupe moyo."

Nakiete alimtazama mama yake. Hakulia. Alishika tumbo kwa mikono miwili, na maji yakalowesha mkeka.

Mama Nakunda aliitwa, akaja na mikono mitupu, maana dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuharakisha na sasa walihitaji ya kuzuia. Hakuna dawa ya kuzuia. Nakijwa alimsugua bintiye mgongo kama alivyoagizwa. Katika saa zile alifanya jambo ambalo hatalisema kwa mtu: alimwomba Mungu mtoto azaliwe amekufa. Kisha akamwomba amsamehe, kisha akaomba tena lile la kwanza.

Mtoto alizaliwa hai. Wa kiume, mdogo, angeenea kwenye bakuli, lakini alilia, na sauti yake ilipita ukutani hadi vyumba vingine. Kila aliyeisikia alielewa. Hakuna aliyepiga kigelegele safari hii. Midomo mia nne thelathini ilikuwa na watu wake mia nne thelathini, na huyu alikuwa anavuta hewa iliyooza kwa mapafu yaliyokuwa bado hayajakomaa.

Eliamani alikuwa ameshafika mlangoni, Tumsifu nyuma yake. Mzee alivua kofia.

"Mama Nakiete," alisema, "mtoto hajapewa jina. Kwa desturi yetu, asiye na jina hahesabiwi. Hakuna atakayekulaumu."

Alisema kwa huruma. Alikuwa anamfungulia mlango, na Nakijwa aliuona mlango ule vizuri: mtoto angenyamaza mwenyewe baada ya muda mfupi, Mwarembe ingebaki mia nne thelathini, na Mbonea asingekuwa amekufa bure. Hesabu yote ilisema hivyo. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Anaitwa Mbonea," alisema Nakijwa.

Akavua kikombe chake. Kilikuwa cha mtu mzima, kilimfunika mtoto uso mzima, na mpira ukaanza kusinyaa na kujaa, kidogo kidogo, kwa pumzi mpya.

"Mama, kirudishe," alisema Nakiete. "Mama, nakuomba. Chukua changu."

"Ukivua chako nitakuchapa, mkubwa ulivyo." Alimgeukia mkunga. "Mama Nakunda, chukua mkaa. Andika ukutani. Leo mtabaki kama mlivyo, hakuna wa kuhama. Mwingine akifa mtakuwa mia nne ishirini na tisa. Andika. Mia mbili arobaini na tatu. Mia moja sitini na mbili. Ishirini na nne."

Mama Nakunda aliandika. Tumsifu alisogea akamshikia taa.

"Akifa mwingine tena, mia nne ishirini na nane. Mia mbili hamsini na sita. Mia moja na nane. Sitini na nne." Alipumzika, akajishika ukutani. Kichwa kilikuwa kinazunguka. "Ishirini na saba. Mia mbili hamsini na sita, mia moja sitini na mbili, tisa."

"Polepole, dada," alisema Eliamani. Miaka yote hakuwahi kumwita dada.

"Hakuna polepole. Ishirini na sita. Kama hiyo, ila mwisho nane."

Aliketi karibu na bintiye, kisha akalala ubavu, uso ukimwelekea mtoto. Wote walikuwa wamemwinamia sasa, hata bibi wa pole. Watu waliokimbia hesabu zake maisha yao yote walikuwa wanazidaka moja moja kutoka mdomoni mwake, na kila namba ilikuwa na mtu mmoja pungufu ndani yake.

"Ishirini na tano," alisema. "Mia mbili arobaini na tatu."

Mama Nakunda aliandika mia mbili arobaini na tatu, akabaki ameinua mkaa. Eliamani alisubiri, kisha akasema, "Endelea, dada." Tumsifu naye alisubiri, halafu akaanza kutoa kwa vidole, taratibu, akakosea, akaanza upya. Ukutani namba ile ilibaki peke yake, bila wenzake wawili, na mabomba yalikuwa yametulia kabisa.